SOMO LA MWEZI: TUWEKE ALAMA GANI JUU YA KABURI?



Mwezi huu tunajifunza juu ya jambo ambalo watu hutuuliza wakati mgumu, yaani siku ya matanga yenyewe, watu wakilia na fundi akingoja jibu. Tuweke alama gani juu ya kaburi? Msalaba wa mti? Zege? Vigae vyeupe kama tunavyoona kwenye makaburi ya wenye uwezo kule Kasese? Siku hiyo kichwa hakijatulia. Mwingine anataka kuonyesha upendo, mwingine anaogopa maneno ya majirani, na mwisho wake mjane anabaki na deni. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu swali hili sasa, mapema.

Wengi wetu tulivukia Mpondwe. Wengine walikaa Bwera au Kasese mjini miezi au miaka kabla ya kufika hapa kwenye makazi, na huko waliacha makaburi. Wengine wamezika hapa hapa. Tena kuna wale ambao wafu wao walibaki ng'ambo ya mto Lhubiriha, na hawajui hata mahali walipolala. Somo hili ni la hao wote.

1. ALAMA YA KABURI NI YA KAZI GANI?

Tusome pamoja Mwanzo 35:16-20. Raheli alifia njiani. Hakufia kwa baba yake, wala hakufika kule Yakobo alikokuwa anaelekea. Yakobo hakuwa na nafasi ya kujenga kitu kikubwa, maana alikuwa safarini na watoto na mifugo. Akasimamisha nguzo moja ya jiwe. Mwandishi anatuambia kwamba nguzo hiyo ilikuwa ikijulikana hata katika siku zake. Hiyo ndiyo kazi ya alama: watu waliokuja baadaye waliweza kusema, hapa ni pa Raheli.

Tusome pia 2 Wafalme 23:15-18. Mfalme Yosia alikuwa anafukua makaburi. Akaona mnara mmoja, akauliza ni wa nani. Wenyeji wakamwambia, akaamuru mifupa ile isiguswe. Kaburi lililojulikana jina lake lilipona.

Kisha tuangalie Isaya 22:15-16. Shebna alijichongea kaburi mahali pa juu ili aonekane mkubwa, na nabii akamkemea. Kwa hiyo Biblia haikatazi alama, ila inatuonya juu ya majivuno.

Tunashika jambo moja katika somo hili lote: alama nzuri ni ile itakayomwezesha mjukuu ambaye bado hajazaliwa kulifikia kaburi na kujua ni la nani. Mengine yote yanafuata nyuma.

2. ARDHI NI YA NANI?

Kabla ya kununua simenti, tuulize swali hili. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na Kanuni zake za 2010 zinaturuhusu kutumia ardhi tuliyogawiwa katika makazi kwa kulima na kulisha mifugo. Hazituruhusu kuiuza wala kuipangisha. Familia ikihama, shamba linaweza kupewa mwingine. Kaburi lililo katikati ya shamba bila alama litalimwa, na atakayelima hatakuwa na kosa, maana hakuona kitu. Kwa hiyo, penye makaburi ya pamoja yaliyotengwa, tuzike huko. Tukitaka kuzika pengine, tuwaone kwanza viongozi wa kijiji na ofisi ya kamanda wa makazi.

Kule Bwera na Kasese hali ni nyingine. Wenyeji wetu Wakonzo kwa kawaida huzika nyumbani, kwenye ardhi ya familia. Mkimbizi aliyepanga chumba hana ardhi hiyo. Hukubaliwa na mwenye shamba kwa huruma, au huzikwa kwenye makaburi ya kanisa au ya umma. Mwenye shamba ni mtu mwema, lakini naye atakufa, na watoto wake wanaweza kuuza.

Hapa baba yetu Ibrahimu anatufundisha (Mwanzo 23). Yeye naye alikuwa mgeni katika nchi ile. Sara alipokufa, Ibrahimu alikataa kupewa kaburi kwa maneno matupu. Alilipa shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote waliokuwa langoni, na yakatajwa shamba, pango na hata miti iliyokuwa ndani ya mpaka. Sisi hatuna shekeli 400. Lakini karatasi moja tunaweza: jina la mwenye ardhi, jina la marehemu, tarehe, mahali kaburi lilipo, sahihi za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Nakala moja ikae kwa mwenye ardhi na nyingine kwa familia. Karatasi hiyo haimfanyi mtu kuwa mwenye shamba. Inasaidia tu kaburi lisisahaulike siku shamba linapouzwa.

Tuangalie na maji. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Mito ya Rwenzori hushuka kwa nguvu na mawe makubwa. Kaburi lililo ukingoni haliponi kwa sababu ya zege. Tulichimbe juu, mbali na maji.

3. TUANDIKE JINA LIPI?

Mama mmoja aliyehamia ng'ambo alirudi Bwera kutafuta kaburi la baba yake. Alikuta misalaba mitatu karibu karibu. Mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, na miwili iliyobaki iliandikwa jina lile lile: Kambale. Alilia juu ya makaburi mawili, kisha akarudi zake bila kujua lipi lilikuwa la baba yake.

Wanande na Wakonzo wanaelewa mara moja. Majina yetu mengi ni ya mpangilio wa kuzaliwa. Kambale, ambaye upande wa Uganda ni Bwambale, ni mtoto wa kiume wa pili. Kasereka, au Masereka, ni wa tatu. Masika ni mtoto wa kike wa kwanza. Kila nyumba ina Kambale wake. Jina hilo peke yake juu ya msalaba linasema tu kwamba hapa amelala mtoto wa pili wa mtu fulani.

Kwa hiyo tuandike haya, kwa mpangilio huu:

(a) Majina yote ya marehemu, kama yalivyo kwenye karatasi zake.
(b) Jina la baba au la mama: mwana wa fulani, binti wa fulani.
(c) Mahali pa asili: kijiji na wilaya au teritwari.
(d) Mwaka wa kuzaliwa na tarehe ya kufa. Mwezi uandikwe kwa herufi, au tarehe iandikwe siku, mwezi, mwaka, ili isichanganywe.
(e) Neno moja fupi la imani au la upendo, kama nafasi ipo.

Neno hilo liwe fupi kweli. Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, iliziruhusu familia maneno yao wenyewe kwenye jiwe, lakini yasizidi herufi 66 pamoja na nafasi. Maneno machache yenye herufi kubwa husomeka miaka mingi. Sifa ndefu zenye herufi ndogo hujaa ukungu.

Lugha iwe ile ambayo wajukuu wataisoma. Kiswahili, Kinande, Kinyabwisha, Kifaransa, zote ni sawa. Namba ya mkimbizi tusiiandike kwenye jiwe. Hiyo ni siri ya familia, na tena si jina la mtu.

4. CHAGUZI TULIZO NAZO

Msalaba wa mti. Ni rahisi na unapatikana siku ile ile. Tatizo ni mchwa, mvua na rangi inayofutika. Mti mgumu uliochomwa kidogo sehemu ya chini na kupakwa oili chafu utadumu zaidi. Tuuone kama alama ya mwanzo tu.

Bamba la bati au chuma. Maandishi ya rangi husomeka vizuri mwanzoni, lakini kutu huanza kwenye mikwaruzo. Chuma kizuri kina hatari nyingine: huibiwa na kuuzwa kama chakavu.

Jiwe la mtoni. Mawe ya Rwenzori ni magumu sana. Jiwe kubwa moja kichwani pa kaburi halilipiwi kitu, ila nguvu za vijana. Kuchonga maandishi juu yake ni kazi ngumu, na rangi haikai. Linafaa likiwekwa pamoja na bamba dogo lenye jina.

Mmea. Katika nchi nyingi za Maziwa Makuu, wazee walipanda mimea ya kudumu kwenye makaburi na kwenye mipaka, kwa sababu ukikata inachipuka tena. Ni desturi nzuri na haina gharama. Lakini mmea hausemi jina.

Vigae. Tunajua vinapendwa. Lakini udongo wa kaburi jipya hushuka kwa miezi mingi. Kaburi likijengewa mapema, zege hupasuka na vigae hubanduka. Gharama yake ni kubwa kuliko zote tulizotaja hapa, na jina mara nyingi hubaki kwenye kigae kimoja tu, ambacho kikidondoka limepotea.

Jiwe la marumaru au granaiti lililoandikwa kwa mashine. Likiwa zuri hudumu sana. Kaburi zima la jiwe hilo ni la matajiri. Ila kipande kidogo, ukubwa wa daftari, kinaweza kuagizwa na ndugu walio Kampala na kupachikwa ndani ya zege.

Bamba la zege lililoandikwa kwa mkono likiwa bichi. Hili ndilo tunalolipendekeza kwa familia nyingi. Jina linakuwa ndani ya zege lenyewe. Halina kitu cha kuibiwa, mchwa hawali, na linatengenezwa na vijana wetu.

5. JINSI YA KUTENGENEZA BAMBA LA ZEGE

Tengeneza fremu ya mbao yenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na unene 7. Iweke mahali tambarare juu ya nailoni.

Changanya simenti kopo moja la lita 4, mchanga safi makopo mawili, na kokoto ndogo makopo manne. Mchanga usiwe na udongo wala chumvi. Tia maji kidogo kidogo. Zege la majimaji ni rahisi kumwaga lakini ni dhaifu. Mimina nusu, laza waya wa kuku au nondo nyembamba mbili katikati, kisha jaza na kusawazisha. Chuma kisitokeze nje popote, maana kutu hupasua zege.

Ngoja mpaka maji ya juu yakauke na kidole kiache alama ndogo tu. Kwenye jua huchukua saa moja au mbili. Kabla ya hapo maneno yote yawe yameandikwa kwenye karatasi ya ukubwa ule ule, na watu wawili wa familia wawe wameyasoma. Kosa la herufi kwenye zege halifutiki kesho yake. Andika kwa msumari wa nchi nne ukifuata rula. Herufi ziwe kubwa, kama sentimita 3, na kina cha nusu sentimita.

Funika kwa magunia yaliyolowa maji na uyamwagie kila siku kwa siku 7. Usilibebe kabla ya hapo. Zege hufikia nguvu zake za kawaida baada ya siku 28.

Bamba hili lina uzito wa kilo 40 hivi, kwa hiyo watu wawili wanalibeba. Lisilazwe juu ya udongo mpya wa kaburi. Liwekwe upande wa kichwa, kwenye ardhi ambayo haikuchimbwa, likiinama kidogo ili maji yateremke. Hapo halitazama hata kaburi likishuka.

Sasa sikilizeni hesabu. Bamba moja linakula chini ya kilo 6 za simenti. Mfuko mmoja wa kilo 50, kama ule unaotoka kiwanda cha Hima pale wilayani Kasese, unatosha mabamba 8. Familia nane zikichangia mfuko mmoja, kila marehemu anapata jina lisilofutika, na hakuna mjane wa kukopa. Tangu 2023, msaada wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi, wengi wanajua uzito wa deni. Marehemu hakuomba vigae, bali watoto aliowaacha wanaomba chakula.

6. WALE WASIO NA KABURI

Ndugu zetu wa Beni wamezika na kukosa kuzika tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, ilishambuliwa. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baadhi ya miili iliungua kiasi kwamba wazazi hawakuweza kuitambua kwa macho, ikabidi vipimo vya damu vya ukoo. Wazazi wale walingoja, kwa sababu walitaka kujua ni nani wanayemzika.

Tukumbuke pia Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka na kuingia wilaya ya Kasese. Waliofariki walizikwa na timu za afya. Katika mazishi ya namna hiyo familia haioshi mwili. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kaburi liwekewe alama ya utambulisho, na ishara ya dini kama familia inaomba. Kwa hiyo ugonjwa ukirudi, tusiwakimbie watu wa afya. Tuwaombe hilo kwa heshima, maana lipo katika kazi yao.

Na asiye na mwili wa kuzika afanye nini? Tunaweza kuweka ukuta mmoja wa majina, au mabamba machache kanisani: jina, mahali, mwaka. Tusidhani ni jambo dogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914-1918, Waingereza walisimamisha sanamu za askari Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ni sanamu nzuri, lakini hazina majina ya askari na wabebaji Waafrika waliokufa. Mwaka 2021 tume ile ile ya makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Zaidi ya miaka mia ilikuwa imepita. Waliokuwa wanawajua wote walikuwa wamekwisha kufa. Shaba na mawe vilikuwepo. Kilichokosekana ni orodha.

7. DAFTARI LA MAKABURI

Kwa hiyo kanisa letu linaweza kuanza jambo lisilo na gharama: daftari gumu moja, na nakala yake kwa mzee mwingine wa kanisa. Ndani yake tuandike majina yote, wazazi, asili, tarehe, mahali pa kaburi, na jina la ndugu wa kumpigia simu. Mahali paandikwe vizuri: hatua ngapi kutoka kwenye kitu kisichohama, upande gani wa jua. Mwenye simu nzuri achukue namba za GPS na picha ya jiwe. Waliozikwa Bwera na Kasese nao waandikwe, na mtu akisafiri kwenda huko apewe kazi ya kutazama.

Tuelewe pia kwamba jiwe si cheti. Kifo kiandikishwe, na cheti cha kifo kiombwe NIRA. Mjane anayetaka kuolewa tena, au familia iliyo katika mpango wa kuhamishiwa nchi nyingine, itaulizwa cheti. Picha ya kaburi haitatosha.

Kaburi la Musa halijulikani na mtu hata leo (Kumbukumbu la Torati 34:6), na Mungu hakumsahau. Kwa hiyo asiyejua kaburi la mpendwa wake asikate tamaa. Anayeokoa si jiwe. Lakini pale tunapoweza kuandika jina, tuliandike, tena tuliandike lote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika familia yako, ni makaburi mangapi ambayo ni mtu mmoja tu anayejua mahali yalipo? Mtu huyo ana umri gani?
2. Kwa nini Ibrahimu alitaka mashahidi alipopata kaburi la Sara? Sisi tufanye nini tukizika kwenye ardhi ya mwingine?
3. Ni familia zipi nane katika kikundi chenu zinazoweza kuchangia mfuko mmoja wa simenti kabla ya mvua?
4. Kijana asiyewahi kufika kijijini kwenu akisoma jina kwenye msalaba mliouweka, atajua ni nani?

Mama zetu na wazee wetu, tunawaomba mje na majina Jumapili baada ya ibada. Hata kama mnakumbuka mwaka tu, au jina la kijiji tu, njoni. Vijana wenye mwandiko mzuri watakuwa tayari na kalamu.

Mungu wa faraja awe nanyi nyote. Amina.